Mchezo wa Mlimani na Kazi ya Mikono: Wasaa Wetu Watufunza Nini?

Liko jambo ambalo ni dogo kwa umbo na kubwa kwa maana, nalo ni hili. Mtu mzima, mwenye kazi yake na heshima yake mjini, siku ya mapumziko huvaa nguo kuukuu, akachukua baiskeli, akapanda nayo vilima na kuteremka mabondeni, akarudi jioni ana tope mpaka masikioni. Kisha usiku, badala ya kulala, akaketi uani mbele ya meza ya kazi, na spana na tupa, akifungua nati na kuzifunga. Hakuna aliyemlipa, wala hakuna alichouza. Je, mtu huyu amefanya jambo lenye maana, au ameipoteza siku yake?

Mas'ala haya si ya watu wa mbali. Baiskeli za gia zenye tairi pana na meno zafika mijini mwetu kwa mitumba kutoka Ulaya, na vijana wazinunua, na mwisho wa juma hutoka kwa makundi kwenda kuzipanda. Wengine wamejifanyia karakana ndogo pembeni mwa nyumba, wana jiliwa, randa, keekee na sanduku la vyombo. Wazee barazani huwacheka wakasema: "Utoto huu utawatoka lini?" Na vijana nao hujibu kwa kiburi kuwa wazee hawajui mambo ya dunia. Sisi twaona ya kuwa kicheko si hoja, wala kiburi si hoja. Yafaa jambo hili litiwe katika mizani.

Kwanza na tuujue huu wasaa wenyewe ni kitu gani. Wengi wetu hudhani ya kuwa mapumziko ya mwisho wa juma yamekuwako tangu dunia ilipokuwako. Sivyo. Huko Uingereza, mashine zilipoingia katika viwanda vya nguo, watu walifanyishwa kazi mchana kutwa kwa siku sita za juma, na mwaka 1850 ndipo sheria ilipoamuru ya kuwa kazi ya wanawake na vijana katika viwanda hivyo ikome saa nane za mchana siku ya Jumamosi. Nusu siku hiyo haikutolewa kwa hiari. Ilidaiwa miaka mingi. Basi aliye na Jumamosi ya bure leo ana mkononi mali ambayo wengine waliichuma kabla yake kwa taabu. Na sisi Waislamu tumefunzwa na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ya kuwa uzima wa mwili na wasaa ni neema mbili ambazo watu wengi hupunjika nazo. Yaangalieni maneno haya vizuri: kupunjika ni khabari ya sokoni. Hupunjwa yule aliyekuwa na mali mkononi, akaitoa, akarudi nyumbani na kisicholingana nayo. Kwa hiyo swali letu si kuwa mchezo ni halali au haramu tu. Swali ni: mwenye kuutoa wasaa wake mlimani na karakanani hurudi na nini?

Ili tusiseme kwa kubahatisha, na tuangalie mchezo huu ulizaliwa vipi. Katika jimbo la California, huko Marekani, kaskazini ya mji wa San Francisco, kuna wilaya iitwayo Marin, na ndani yake mlima Tamalpais. Katika miaka ya 1970 vijana wa huko walipenda kuteremka njia za vumbi za milima ile kwa baiskeli. Baiskeli za mbio za siku zile zilikuwa nyepesi na tairi zake nyembamba; katika mawe huvunjika. Basi walikwenda kutafuta baiskeli kuukuu za miaka ya 1930 na 1940, nzito, zenye tairi pana, ambazo wenyewe walikuwa wamezitupa mabandani. Walizinunua kwa pesa chache, wakazivua kila kisichokuwa na kazi, wakazitia nguvu, na kila sehemu iliyowashinda waliibadilisha kwa nyengine. Wengine walitoa mikono ya breki katika pikipiki wakaifunga katika baiskeli. Wengine walitia gia zilizofanywa kwa baiskeli za safari.

Karibu na mji wa Fairfax kuna njia yenye urefu wa kiasi cha maili mbili, nayo yateremka kiasi cha futi 1,300. Tarehe 21 Oktoba 1976 vijana wale walifanya hapo mashindano yao ya kwanza. Breki za baiskeli zile zilikuwa za kukanyaga pedali kinyume, na breki hiyo hukaa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Kwa ukali wa mteremko, kitovu hupata moto mpaka grisi ikayeyuka na kutoka moshi, na kila baada ya kuteremka mtu hulazimika kukifungua na kukijaza grisi upya. Kwa sababu hiyo njia yenyewe iliitwa Repack, yaani kujaza tena. Dakika tano za kuteremka, kisha kazi ya spana na mikono myeusi.

Mmoja wao, Joe Breeze, aliona ya kuwa viraka juu ya viraka vina mwisho wake. Alikata mabomba ya chuma kipya, akayaunga, na mwaka 1977 akamaliza baiskeli iliyokusudiwa mlima tangu mwanzo, wala haikuwa ya kuokotwa. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walianza kuuza baiskeli za namna hiyo, na fremu zake zikitengenezwa na Tom Ritchey. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilitoa baiskeli ya mlimani iliyofanywa kwa wingi kiwandani, na mwaka 1996 mchezo huu uliingizwa katika Olimpiki huko Atlanta. Yaani ndani ya miaka ishirini, jambo lililoanza kwa vyuma vilivyotupwa likawa biashara ya dunia nzima.

Tumeieleza khabari hii kwa urefu kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo wapenzi wa mchezo huu wengi wamelisahau. Vijana wale hawakununua mchezo, waliufanya. Mlima na meza ya kazi vilikuwa kitu kimoja. Aliyeteremka ndiye aliyefunga nati, na aliyefunga nati ndiye aliyejua mlimani kama alizifunga sawasawa au la. Na hapa ndipo ilipo faida ya kwanza tunayoiona.

Katika kazi zetu nyingi za mjini, kosa la mtu laweza kufunikwa. Karani akikosa, hulaumu faili; mfanya biashara akikosa, hulaumu soko; hata sisi wenye kusema mbele za watu tukikosa, ufasaha wa ulimi waweza kutusitiri. Lakini chuma hakisikii udhuru. Mtu akifunga waya wa breki kwa uvivu, breki haitamstahi kwa kuwa ni mtu wa ukoo mkubwa. Akiutazama mnyororo uliolegea akasema "utafika", mnyororo hautafika kwa sababu ya neno lake. Na mtu akataka kuunyosha mzingo wa gurudumu uliopinda, hapo ndipo ajue subira ni nini. Njiti za gurudumu zavutana, nyengine kulia na nyengine kushoto. Ukikaza moja, rimu husogea upande wake. Ukikaza kwa pupa, huondoa pindo hapa ukalitia kule. Hapana njia illa kuzungusha gurudumu polepole, kutazama, kukaza robo ya mzunguko, na kuzungusha tena. Mwenye hasira gurudumu humrudishia hasira yake.

Basi kijana aliyezoea kuambiwa na chuma "hapa umekosa", akakubali na kurudia tena, amepata adabu ambayo si kila darasa laweza kuitoa. Amejifunza kuwa ukweli wa jambo hautegemei yeye atakavyo. Tabia hii ikitoka karakanani ikaingia katika ushahidi wake mahakamani, na mizani yake dukani, na ahadi yake kwa jirani, basi wasaa wake haukupotea hata dakika moja. Na mlima nao ni vivyo hivyo. Mwenye kupanda hujua kiasi cha pumzi yake, na hapana wa kumdanganya kuwa amefika na hali bado yuko bondeni.

Sasa na tuzijibu hoja za wapinzani, maana hoja zao si zote za kudharauliwa.

Wa kwanza husema: mchezo haumfai mtu mzima, na kuchafua mikono hakumfai mwenye heshima. Kwa hili twasema wazi kuwa ni kiburi kilichovaa kanzu ya adabu. Mtume wetu alishindana mbio na mkewe Bi Aisha, na mara ya kwanza Bi Aisha ndiye aliyeshinda. Na aliamuru farasi washindanishwe, waliozoezwa kwa masafa marefu na wasiozoezwa kwa masafa mafupi. Nyumbani kwake alishona viatu vyake kwa mkono wake. Nabii Daudi, juu ya ufalme wake, alilainishiwa chuma akafuma mavazi ya vita, na Qurani yaeleza ya kuwa aliamrishwa azipime pete zake sawasawa. Nabii Zakaria alikuwa seremala. Basi ni heshima gani hiyo tuliyo nayo sisi ambayo manabii hawakuwa nayo, hata mafuta ya mnyororo yaweze kuiharibu?

Wala katika ada zetu wenyewe hapana aibu hii. Wazee wetu wangapi wamekaa barazani, mazungumzo yakiendelea, na mikono yao ikishona kofia, tundu kwa tundu, mpaka ikatimia? Kule Matondoni, kisiwani Lamu, jahazi limejengwa kwa shoka na tezo, na fundi alijua umbo la ubavu wake kwa jicho. Milango ya Lamu ambayo wageni huja kuipiga picha haikuchongwa na watu waliodharau patasi. Aibu ya kazi ya mkono imetuingia baadaye, pamoja na meza za ofisi, na wengi wameidhani kuwa ni ustaarabu.

Na mwenye kudhani kuwa kazi ya wasaa ni upuuzi, na aikumbuke tairi iliyo chini ya gari yake. Katika mwaka 1887 na 1888, huko Belfast, alikuwako daktari wa wanyama jina lake John Boyd Dunlop. Mwanawe alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu iliyokuwa ikimtikisa juu ya mawe. Dunlop alikunja mpira, akautia upepo, akaufunga katika gurudumu. Hakuwa fundi wa magurudumu, na alifanya hayo kwa ajili ya mtoto wake. Na kutoka hapo matumizi ya tairi za upepo yakaenea duniani.

Wa pili husema neno zito zaidi, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Husema: tajiri akijitengenezea baiskeli yake, amemnyima fundi maskini riziki yake. Yeye ana mshahara, na kazi ile kwake ni mchezo; lakini kwa fundi wa pale kona, kuziba pancha moja ni chai ya watoto wake. Je, ni haki mtu aliyeshiba achukue kwa mchezo kazi ambayo mwenziwe anaila?

Hoja hii ni ya haki, na wapenzi wa karakana hawana budi kuisikiliza. Twaijibu kwa vipande viwili. Cha kwanza, mwenye kuendesha baiskeli mlimani na kuifanyia kazi kwa mkono wake huhitaji mafundi zaidi kuliko yule asiyepanda kabisa. Fremu ikipasuka atahitaji mchomeleaji. Beringi zikiliwa atazinunua dukani. Na gurudumu likimshinda, na litamshinda, atalipeleka kwa anayejua. Cha pili, na hiki ndicho kikubwa, jambo lategemea karakana ile imemfanya mtu wa namna gani.

Mtazameni mtu ambaye hajapata kushika spana maisha yake. Ampelekea fundi baiskeli yenye gurudumu lililopinda. Fundi afanya kazi saa nzima jua la utosi, ataja bei yake. Yule bwana hushtuka: "Kwa kukaza kaza huko tu?" Hushindana naye mpaka fundi akachukua nusu, na yule bwana akaenda zake akijisifu kwa ujanja. Kwa nini amedhulumu? Si lazima kuwa ni mtu mwovu. Amedhulumu kwa sababu hajui. Macho yake yaliona mkono ukizunguka. Hayakuona miaka iliyoingia katika mkono ule. Sasa mchukueni mtu huyo huyo, akae mwenyewe usiku wa Jumamosi mbele ya gurudumu, saa tatu, jasho likimtoka, na gurudumu likazidi kupinda. Jumatatu akienda kwa fundi, ataona kitu ambacho hakukiona kabla. Atamtazama jinsi asikilizavyo njiti kwa kuzigonga kwa kidole, na jinsi anavyojua pa kukaza bila ya kupima. Atakapotajiwa bei, mdomo wake hautafunguka kupinga, na huenda mkono wake ukaongeza.

Hii ndiyo mizani yetu. Kazi ya mikono afanyayo mtu kwa wasaa wake huwa kheri ikimfunza kuijua thamani ya kazi ya mwengine. Na huwa khasara, hata akitengeneza vitu mia, ikiwa atatoka karakanani akisema: "Na mimi naweza, basi yule fundi si kitu." Mtu ambaye amejifunza kutumia jiliwa na hakujifunza kumlipa fundi kabla jasho lake halijakauka, huyo amecheza tu.

Kule Amsterdam, mwezi wa Oktoba mwaka 2009, bibi mmoja jina lake Martine Postma alianzisha mkutano ambao watu huleta vyombo vyao vibovu, nao wajuzi hukaa pamoja nao wakavitengeneza bila malipo, na mwenye chombo akifunzwa kwa macho na mikono. Mikutano hiyo imeenea nchi nyingi. Twaona kheri ndani yake, kwa sababu kitu kilichokuwa kiende jaani hurudi nyumbani. Lakini katika miji yetu, ambamo fundi hana mshahara wa serikali wala akiba, mwenye kuiga jambo hilo na aanze kwa kumwalika fundi awe mwalimu, tena mwalimu mwenye kulipwa. Kumfanya mwenye elimu ya mkono akae mbele na mwenye shahada akae chini amsikilize ni funzo ambalo mji wetu unalihitaji.

Wa tatu husema: mchezo huu wadhuru. Hapa twakubaliana nao kwa sehemu. Huko huko Marin, baiskeli zilipozidi, wenye kutembea kwa miguu na wenye kupanda farasi walilalamika. Mtu atembea kwa utulivu katika njia nyembamba, mara yamtokea baiskeli kutoka konani kama jiwe lililotupwa. Mvua nazo zilifuata mifereji iliyochimbwa na tairi, na udongo ukachukuliwa. Katika miaka ya 1980 wakubwa wa milima ile waliwakataza wapanda baiskeli njia nyembamba, wakawaachia zilizo pana, na mwendo wao ukawekewa mpaka wa maili 15 kwa saa. Wenyewe wapanda baiskeli, walipoona mchezo wao wafungiwa, walikusanyika, na mwaka 1988 kikaundwa chama cha International Mountain Bicycling Association. Miongoni mwa aliyoyafunza chama hicho ni haya: pita pale panaporuhusiwa, mpishe mwenye kwenda kwa miguu, usiharibu ardhi, usimtishe mnyama. Na wanachama walishika majembe wakazitengeneza njia kwa mikono yao.

Yafaa tuyachukue mafunzo haya bila ya kungoja kulalamikiwa. Kilima unachokipanda wewe Jumapili kina watu wanaokiishi siku zote. Njia ile unayoiona ni uwanja wako wa mbio ndiyo njia ya mama aliyebeba maji na mtoto aendaye chuoni. Pembeni yake pana shamba la mtu, na mhogo ule haukupandwa uwe mapambo ya safari yako. Kuondoa cha kudhuru njiani ni katika imani; basi imekuwaje wewe mwenyewe uwe ndiwe cha kudhuru? Mwenye kuteremka hana haki juu ya mwenye kupanda, wala mwenye gurudumu hana haki juu ya mwenye mguu.

Na mwili nao ni amana. Kuvaa kofia ngumu si woga, na kukagua breki kabla ya kuteremka si kupoteza wakati. Mwenyezi Mungu ametukataza kujitupa katika maangamizo kwa mikono yetu, na mtu ateremkaye kwa breki mbovu ili asifiwe na wenziwe amejitupa kweli kweli. Na ikiwa breki hiyo ni ya mwanao au ya rafiki yako, nawe huna hakika ya kazi yako, basi mpelekee fundi. Mtu ana ruhusa ya kujifunza juu ya chombo chake mwenyewe. Hana ruhusa ya kujifunza juu ya roho ya mwengine.

Kisha uko ugonjwa wa majivuno. Mchezo ulioanza kwa vyuma vya jaani sasa una baiskeli zenye bei ya pikipiki. Hatusemi ya kuwa kitu kizuri ni haramu. Twasema kuwa mtu aliyenunua baiskeli ya thamani kubwa akaitundika ukutani, akijua bei yake na asijue jinsi ya kuziba pancha yake, huyo hana mchezo wala kazi. Ana pambo la nyumba. Na kijana wa baiskeli kuukuu aliyoifufua mwenyewe na asimwonee haya. Huyo ndiye aliyeishika njia ya wale walioanza.

Liko jambo moja la mwisho, nalo husahauliwa na wengi. Wasaa wa mtu mmoja mara nyingi hununuliwa kwa kazi ya mtu mwengine. Wewe Jumamosi umetoka alfajiri na baiskeli. Aliyebaki na watoto ni nani? Nguo ile ya tope, unayoiona ni nishani ya ushujaa wako, itafuliwa na nani? Chakula ulichokikuta jioni kilijipika? Mkeo, au mama yako, au dada yako, ana siku yake katika juma, ambayo atatoka na wewe utabaki? Kama hana, basi mapumziko yako yana deni, na deni halilipwi kwa kusema ahsante. Na afue mwenyewe nguo zake, tena hiyo ni kazi ya mikono vile vile, na asiichague kazi ya mikono yenye sifa akaiacha isiyo na sifa. Bi Aisha mwenyewe alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza ya kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa Sala ukifika akatoka.

Kwa wazee wetu nao tuna neno. Huko Australia, tangu miaka ya 1990, kumeanzishwa mabanda ya kazi ya wanaume waliostaafu, na mwaka 2007 yakapata chama chao cha nchi nzima. Iliaminika ya kuwa mwanamume akiachishwa kazi hukaa peke yake na huzuni zake, na akiulizwa uso kwa uso hasemi. Lakini akisimama bega kwa bega na mwenziwe, wote wawili wakitazama ubao na randa, ulimi wake hulegea. Wazee wa kwetu wana baraza, na baraza ni neema kubwa. Lakini baraza ambalo mikono yote ya mle imelala, mara nyingi ulimi ndio hubaki ukifanya kazi, na kazi yake si njema siku zote. Kama kila mtaa ungekuwa na meza moja ya kazi, jiliwa moja na vyombo vichache, mzee akamfunza kijana kunoa randa, na kijana akamfungulia mzee baiskeli yake iliyolala tangu zamani, basi kicheko cha wazee na kiburi cha vijana tulivyovitaja mwanzo vingepungua vyote viwili.

Basi jawabu yetu kwa mwenye kuuliza ni hii. Mchezo wa mlimani na kazi ya mikono ya siku za mapumziko si utoto wala si upotevu kwa asili yake. Jioni ya Jumapili, mtu ajiulize mawili. La kwanza: chuma na mlima vimenifunza leo kusema kweli zaidi juu ya nafsi yangu, au nimerudi na majivuno? La pili: wale ambao kwa jasho lao nimepata kucheza, yaani fundi, na mwenye shamba, na watu wa nyumba yangu, haki yao imefika? Akiweza kuyajibu mawili haya mbele ya Mola wake bila ya kuinamisha uso, na apande tena juma lijalo, na sisi tutamwombea salama. Akishindwa, na aanze kwa fundi wa pale kona, ambaye huenda bado anamdai.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atubarikie wasaa wetu, na atujaalie mikono yenye kufanya kazi na yenye kulipa haki za wafanyao kazi. Amin.